MOTOKAA YA RAHA NA MOTOKAA YA KUTUMAINIWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Tabora. Yachapishwa hapa kwa agizo la Kamati.)



Kamati ilipotuandikia kwamba twatakiwa kusema machache juu ya kubadili motokaa, tuliona ajabu kidogo, maana sisi si mafundi; kazi yetu ni masijala, na mikono yetu yajua wino kuliko oili. Lakini Katibu alitufahamisha kwamba anayo mezani maombi kadhaa ya mkopo, yote ya motokaa, na kwamba wengi wa waombaji wana shauri moja mioyoni wanaloona haya kulitamka. Basi tutalitamka sisi kwa niaba yao.

Shauri lenyewe ni hili. Mtu anayo motokaa nyepesi, yenye nguvu, iliyoinama mbele kama duma anayenyemelea, naye huenda nayo kazini kila siku. Ameipenda tangu siku alipoipata. Sasa imechoka, na fedha ya kuibadili itapatikana mara moja tu. Je, atwae nyingine ya namna ileile, yenye kumfurahisha kila ashikapo usukani? Au atwae ile ambayo vijana wetu huiita ya wazee, isiyo na sifa illa kwamba huwaka kila asubuhi?

Ili tuelewane, za namna ya kwanza zionekanazo katika barabara zetu ni kama Toyota Altezza, iliyotengenezwa tangu mwaka 1998 hadi 2005, na Subaru Impreza zenye tabo, na Mark X za silinda sita. Za namna ya pili hazihitaji kutajwa sana: Premio, Corolla, IST, Probox. Simameni dakika kumi chini ya miembe ya njia ya stesheni, mtaziona zote.

Tuanze kwa kuitetea raha, kwa sababu katika mikutano kama huu raha hukosa wakili. Wako wasemao kwamba motokaa ni chombo cha kumfikisha mtu aendako, na lililo zaidi ya hapo ni upuuzi wa ujana. Hatukubaliani nao. Anayetoka Tabora alfajiri kwenda Manyoni hupita Nyahua, Chaya na Itigi, kiasi cha kilomita 260, na siku hizi ni lami. Jua likichomoza mbele ya kioo, miombo imesimama pande zote mbili, na injini yaitika mguu bila kusita, basi mtu ambaye juma zima ameinamia majalada ya watu wengine huona kwamba lipo jambo moja duniani linalomtii. (Mwendo wenyewe hatuutaji, askari wa usalama barabarani nao ni wasomaji.) Mtu wa namna hiyo hurudi nyumbani mwepesi wa moyo, na jamaa zake hupata faida. Raha hii ni mali, na mali huandikwa katika hesabu. Asiyeiandika atakuwa na hesabu ya uongo, na siku moja itamdai.

Tena msidhani kwamba shauri letu lilizaliwa pamoja na petroli. Pori lile tunalolivuka kwa saa chache ndilo wazee waliloliita Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, lililotisha misafara kwa ukosefu wa maji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba. Kila aliyepanga safari ya njia hii alipaswa kuchagua chombo, na wageni wengi walichagua kile kilichowapendeza macho. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa siku chache tu baada ya kuanza safari. Mwaka 1877 wamisionari kutoka London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa, nao ng'ombe wakamalizwa na mbung'o. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwagharimia tembo wanne wa Bara Hindi, waliofundwa kazi, wakateremshwa Msasani ili wachukue mizigo hadi Karema, kwenye ziwa. Fikirini watu walivyotoka vijijini kuwatazama! Hakuna chombo cha fahari kama hicho kilichopata kupita njia hii, wala hatudhani kitapita tena. Lakini wakaanza kufa njiani, na kiongozi wao, Carter, akauawa mwaka 1880, na jaribio zima likaachwa.

Wakati huohuo Mnyamwezi alikuwa akipita pembeni na frasila zake mbili begani, yaani kilo 32 hivi, akienda pwani na kurudi kama baba yake alivyofanya. Kwa nini yeye alifika? Miguu yake haikuwa na nguvu kupita tembo. Walakini mpagazi akiugua Mpwapwa, mwingine alipatikana palepale au kijiji kinachofuata. Chakula chake kilikuwa kilekile cha watu wa njiani. Na ugonjwa wake ulijulikana kwa kila mganga. Tembo alipokufa, hapakuwa na kijiji chochote chenye tembo mwingine aliyefundwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, nasi twawaomba wenye maombi mezani kwa Katibu wapasikilize. Watu husema motokaa fulani ni ya kutumainiwa, kana kwamba tumaini ni chuma kilichofungwa ndani yake kiwandani. Nusu ni kweli. Nusu ya pili imo nje ya motokaa: imo katika idadi ya mafundi wanaoijua, na katika umbali wa duka lenye kipuri chake. Motokaa iliyo ya kutumainiwa Dar es Salaam yaweza kuwa tembo wa Leopold ikifika Tabora. Huko mwenyewe hupeleka motokaa yake asubuhi kwa fundi asiyefanya kazi nyingine ila ya namna ile, akaichukua jioni. Hapa kwetu tuko kiasi cha kilomita 840 za reli kutoka bandarini, na fundi, hata akiwa hodari, huiona injini ya namna hiyo mara mbili au tatu kwa mwaka, akajifunzia kwetu, kwa fedha yetu.

Tazameni hiyo tabo. Ni gurudumu dogo lenye mapanga, huzungushwa na moshi utokao injini ili lisukume hewa nyingi ndani ya silinda, na huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kitu kinachozunguka hivyo huelea juu ya utando wa oili tu. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa ya kughushi, au vumbi la kiangazi likipita kwenye chujio lililochakaa, hufa. Hufa pia kwa kuzimwa ghafla baada ya mwendo mkali, kwa kuwa oili husimama nalo lingali na moto. Hakuna ubaya katika chombo hicho. Walioliunda walijua kazi yao. Lakini waliliunda wakiwaza mtu aliye karibu na duka la oili safi, na njia iliyofagiwa.

Hata motokaa ya kwanza kuvuka bara hili kutoka pwani hadi pwani yatufundisha hayo. Afisa mmoja Mjerumani, Paul Graetz, alitoka nayo Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907, akafika Swakopmund mwezi wa Mei 1909. Ni karibu miezi 21, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kutengeneza na kungoja.

Sasa tuseme juu ya yetu. Jina lake hatulitaji, wala la aliyeiuza, wala la waliopata kuitengeneza. Ilikuwa na tabo, gia tano za mkono, na matairi yenye mbavu nyembamba yaliyojua kila jiwe la Isevya kwa jina. Tulikaa nayo miaka sita. Kwa kuwa sisi ni makarani, tuliifungulia daftari, na mwenzetu wa nyumbani, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu, ndiye aliyelishika. Lilikuwa na safu ya shilingi, kama daftari zote. Lakini yeye aliongeza safu ya pili, akaiita siku za kulala, yaani siku ambazo motokaa ilitakiwa nayo isiweze kwenda. Mwaka wa kwanza siku 6. Mwaka wa tatu 19. Mwaka wa sita 41.

Tulipoisoma safu hiyo tulilalamika kwamba hakuna haki: maumivu yote yameandikwa, na furaha haina mahali. Akafikiri, akapiga mstari wa tatu. Alisema ataandika kila jioni tunapofika njia panda ya nyumbani tukapita moja kwa moja bila kukata kona, tukaenda kuzunguka hadi njia ya Kwihara kisha ndipo turudi. Kumbe alikuwa akitusikia kwa mlio! Mwaka wa kwanza safu hiyo ilikuwa na alama 57. Mwaka wa sita zilikuwa 4. Hatukuacha kuipenda motokaa. Lakini mtu anayeendesha huku akisikiliza kama kuna chuma kinachogonga hazunguki kwa furaha. Hukata kona, akaingia kwake, akashukuru. Basi mjue kwamba raha nayo huchakaa, na hutangulia kuchakaa kabla ya injini. Wengi wanaosema watabaki na motokaa ya mbio kwa sababu ya raha huwa wanahesabu raha ya mwaka wa kwanza.

Mama yetu hukaa Sikonge, kiasi cha kilomita 70 kusini ya hapa, naye hana budi kuonwa na daktari mjini mara moja kila mwezi. Mwezi mmoja ilipasa tumfuate siku ya Jumatatu. Motokaa ilikuwa imelala siku ya tisa, ikingoja kipuri kilichokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kikaonekana si chenyewe, kikarudishwa. Jirani yake Mama, mfanyabiashara wa asali, alikuwa anakuja mjini na Probox yake, akampakia mbele, nyuma zimejaa ndoo. Alifika saa tatu asubuhi, nguo zanukia asali. Tulimpokea kwa aibu, tukaanza kueleza habari za kipuri. Akatutazama, akasema, "Mwanangu, ile yako ni nzuri sana. Lakini hii ndiyo iliyokuja."

Tuliyafikiri maneno hayo siku nyingi, nayo ndiyo yaliyotufanya tulipange daftari upya. Safu ya raha ilikuwa na jina moja tu, la mwenye usukani. Safu ya kulala ilikuwa na majina ya watu wengi: Mama na daktari wake, watoto na shule yao, mwenzetu aliyepanda bajaji na kikapu cha soko mapajani, na mkubwa wetu wa kazi aliyesaini barua tukiwa hatujafika. Watu wawili wanaoishi peke yao wakiwa na motokaa ya mbio wana hesabu tofauti, nasi hatuwahukumu. Kijana asiye na mke wala mzazi wa kumfuata, anayekaa nyuma ya Boma na kwenda kazini kwa miguu, kwa nini asiwe na Altezza? Na awe nayo, aifurahie, maana kulala kwake hakumlazi mtu mwingine.

Jambo la fedha tutalipita upesi, kwa sababu nyote mwalijua. Mtumishi wa Serikali hakatwi mshahara hadi ikabaki chini ya theluthi moja. Ukikopa hadi ukagusa mpaka huo ili ununue motokaa ya mbio, umenunua motokaa isiyo na fedha ya oili. Ukikopa hadi mpaka huohuo kwa motokaa ya kutumainiwa, bado umekosea, ila utachelewa kujua. Mzee mmoja alituuliza kwa nini tusipande baiskeli kama yeye, ambaye amestaafu hana deni. Hatukupata jibu la kumridhisha.

Sasa upande wa pili, maana hatukuja hapa kuwauzia Premio. Jina la uaminifu lina hatari yake. Twamjua mwenzetu mmoja aliyenunua motokaa yenye sifa kuu ya kutokufa, asiyoipenda hata kidogo. Rangi yake ilikuwa ya majivu na hata aliisahau. Kwa kuwa hakuipenda hakuifungua boneti. Maji ya rejeta yakapungua polepole, oili ikawa nyeusi kama wino wa muhuri, naye akatumaini jina. Injini ikafa kabla ya yetu ya mbio. Motokaa ipendwayo huoshwa, husikilizwa, na mlio mgeni hutambulika siku ileile. Kwa hiyo tusiseme kwamba mapenzi ni adui wa uaminifu. Mara nyingi ndiyo yanayoulinda.

Kadhalika chini ya jina moja huwamo injini mbali mbali. Katika Premio za zamani ziko zenye injini ya 1NZ-FE ya saisi 1,497, na ziko zenye ile ya 1AZ-FSE ya saisi 1,998, ambayo mafundi huiita D4, yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shindo kubwa. Mkitaja ya pili mbele ya fundi wa Tabora, tazameni uso wake kabla hajajibu. Mnunuzi asome herufi zilizoandikwa kwenye injini kabla ya kusoma jina lililo nyuma ya motokaa.

Hiyo 1NZ-FE ndiyo iliyotuonyesha njia. Ni injini ileile iliyowekwa katika Probox, IST, Spacio, Corolla na nyinginezo nyingi. Huendeshwa kwa cheni mahali pa mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, nayo haina tabo. Ndiye mpagazi Mnyamwezi wa siku zetu: akiugua Nzega yuko wa kumtibu Nzega, akiugua Urambo yuko Urambo. Injini hiyo huwamo pia katika Toyota Runx na Allex, zilizotengenezwa tangu mwaka 2001 hadi 2006, ambazo ni fupi, nyepesi, na usukani wake ni mwepesi kuitika. Katika hizo zipo, ingawa ni chache, zenye gia tano za mkono.

Twawakumbusha desturi moja ya misafara. Kirangozi alitangulia mbele amejipamba, nguo nyekundu mabegani, ngozi ya mbega au manyoya kichwani, na nyuma yake ngoma na nyimbo. Wazee wale hawakuidharau raha hata kidogo. Safari ya miezi bila wimbo isingewezekana. Ila wimbo ukikatika, mzigo haukuanguka. Nasi tuliamua vivyo hivyo: uzito wote, yaani injini, uwe wa namna ijulikanayo na kila fundi, na raha tuitafute katika vitu ambavyo vikiharibika motokaa yaenda, au ambavyo haviharibiki kwa urahisi. Gia za mkono, kiti kizuri, matairi mapya ya namna njema, shokamzoba zisizochoka, usukani uliopimwa sawasawa. Msafiri aliyepanda motokaa ya nguvu ndogo iliyo nyepesi na imara, akaitumia nguvu yake yote kwa gia alizozichagua mwenyewe, hupata sehemu kubwa ya furaha ya yule mwenye nguvu nyingi asizothubutu kuzitumia.

Hatusemi sehemu yote. Mtu akitoka Nyahua nyuma ya lori la tumbaku na kutaka kulipita, tofauti huonekana, na mguu hukumbuka. Tulikuwa na kitu, sasa hatuna. Aliyetuambia kwamba baada ya mwezi mmoja tutasahau hakuwa na motokaa kama ile.

Anayetafuta namna hii na awe na subira, maana zenye gia za mkono hupatikana kwa kungoja. Sisi tulingoja miezi saba. Aende na fundi wake mwenyewe wala asiende na wa muuzaji. Aiwashe ikiwa baridi kabisa, asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha moto. Tena aulize maduka matatu ya vipuri mjini bei ya klachi, rejeta na taa ya mbele. Wakimjibu wote watatu bila kupiga simu, hapo amepata motokaa ya Tabora.

Ile ya zamani ilipata mwenyewe katika mwezi wa pili. Ni kijana wa Mwanza, fundi wa namna hiyohiyo ya injini, mwenye nyingine mbili uani kwake za kuchukulia vipuri. Mikononi mwake itakuwa ya kutumainiwa kuliko ilivyopata kuwa mikononi mwetu. Alipotuuliza kama ina kasoro tulimpa daftari zima, safu zote tatu, siku 41 pamoja nazo. Akakaa chini ya mwembe akalisoma ukurasa kwa ukurasa kiasi cha nusu saa. Akapunguza bei kidogo kwa ajili ya safu ya pili, kisha akauliza safu ya tatu ni ya nini. Mwenzetu wa nyumbani akamweleza. Kijana akacheka, akaomba apewe na kalamu.

Wenye maswali na waulize sasa. Ya gia tutajaribu kuyajibu, na ya riba tutamwachia Mtunza Hazina.